KUUFASIRI USO USIOFANANA NA USO: MAELEZO JUU YA PICHA DHAHANIA KWA MSOMAJI WA KISWAHILI

1. Utangulizi

Mtu asiyezoea sanaa ya kisasa akionyeshwa picha ya uso wa binadamu iliyoundwa kwa duara, pembetatu na mistari mitupu, aghalabu hutoa hukumu moja kati ya mbili. Ama husema kwamba mchoraji hajui kuchora, ama husema kwamba picha hiyo ni ya wasomi na wageni, wala haimhusu. Hukumu hizi mbili zina asili moja. Mtazamaji anautafuta mfanano; asipouona, huona kwamba hakuna kilichosalia cha kutazamwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha ya namna hiyo inavyoweza kufasiriwa. Tutaonyesha kwanza kwamba mzungumzaji wa Kiswahili tayari anao mazoea ya udhahania, kwani lugha yake haiwezi kwenda bila ya udhahania. Pili, tutachambua picha moja mashuhuri, hatua kwa hatua, ili njia yenyewe ionekane. Tatu, tutauliza kama sanaa hii ni ngeni kwetu kama inavyodaiwa. Mwisho tutaingia Kibera, katika jiji la Nairobi, ambako Lindi ni kimojawapo cha vijiji vinavyounda mtaa huo mkubwa. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu maalumu: huko namna ya kuusoma uso wa mwenzako imewahi kuwa jambo la uhai na mauti, nalo jambo hilo halikuhusu sanaa peke yake.

2. Udhahania katika sarufi

Neno "dhahania" si geni kwa mwanafunzi wa lugha. Sarufi zetu hutaja nomino dhahania, yaani majina ya mambo yanayofahamika kwa akili wala hayashikiki kwa mkono. Tazama namna majina hayo yanavyoundwa. Kutokana na mtu tunapata utu. Kutokana na mtoto, utoto. Kutokana na mzee, uzee. Kiambishi m- huondolewa, na mahali pake huwekwa u-. Badiliko ni dogo mno kwa sikio, lakini maana yake ni kubwa. Asemaye "mtu" anamtaja kiumbe mwenye kimo, rangi, jina na nyumba. Asemaye "utu" ameyaondoa hayo yote, akabakiza jambo moja tu ambalo watu wote hushiriki, au wanapaswa kushiriki. Wala hakuna mwenye akili timamu atakayemlaumu kwamba utu wake haufanani na mtu yeyote.

Ni kweli kwamba si kila neno lenye u- ni la dhahania. Ukuta, uzi na ubao vinashikika, na uso wenyewe, ambao wingi wake ni nyuso, umo katika kundi hilo la vitu. Hata hivyo hoja yetu inasimama: lugha ina njia ya kukiacha kitu na kuichukua sifa. Mchoraji wa picha dhahania hufanya vivyo hivyo kwa rangi na mstari. Huanza na uso wa mtu, huondoa yale yaliyo ya mtu huyo peke yake, na hubakiza lile analotaka tulione. Basi swali la kwanza la mfasiri lisiwe "Huyu ni nani?" Na liwe "Kimeondolewa nini, na kimebakizwa nini?"

Msamiati wa uso pia una mafunzo. Sura na taswira ni maneno yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuumba au kutia umbo. Kwa hiyo mtu anapotaja sura ya mwenzake, tayari ametaja kitu kilichofinyangwa. Tukienda kwenye semi, mambo huzidi kuwa wazi. Mswahili hukunja uso na kuukunjua, kana kwamba ni mkeka au nguo. Asiye na haya ana uso mkavu. Mwenye hasira uso wake huiva. Mwenye huzuni uso wake husawijika. Methali nayo husema kwamba uso umeumbwa na haya, wala haitaji nyama na mifupa. Katika semi hizi uso haupigwi picha. Unachukuliwa sifa moja, sifa hiyo inakuzwa, na mengine yanaachwa. Yeyote aelewaye "amekunja uso" bila ya kutafuta pindo la nguo kwenye paji la mtu, ameshavuka nusu ya njia ya kuifahamu picha dhahania.

3. Mfano wa uchambuzi: Senecio ya Paul Klee

Tuchukue sasa picha yenyewe. Mwaka 1922 mchoraji Paul Klee, mzaliwa wa Uswisi ambaye wakati huo alikuwa mwalimu katika chuo cha Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, alichora uso aliouita Senecio. Picha hiyo imehifadhiwa katika Kunstmuseum ya mji wa Basel. Si kubwa: urefu wake hauzidi sentimita 41.

Hatua ya kwanza ni kueleza kinachoonekana kabla ya kusema maana yake. Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo chanzo cha fasiri nyingi zilizopotoka. Tunaona kichwa kilichokuwa karibu na duara kamili, kimesimama juu ya shingo nyembamba. Uso umegawanywa katika vipande bapa vya rangi: rangi ya machungwa, manjano, waridi, nyekundu na nyeupe. Hakuna kivuli kinachoonyesha unene wa mashavu. Pua imeonyeshwa kwa mstari. Mdomo ni visehemu vidogo vya mraba. Macho ni ya duara, na mboni zake ni nyekundu. Juu ya jicho moja nyusi ni mstari uliopindwa kama upinde. Juu ya jicho la pili nyusi imekuwa pembetatu nyeupe iliyochongoka kwenda juu.

Hatua ya pili ni kuuliza kilichoondolewa. Zimeondolewa nywele, mikunjo, ngozi na unene. Hatuwezi kukata shauri kama huyu ni mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini. Vilivyobakizwa ni duara, mgawanyo wa rangi na macho. Tena katika uso huo uliopangwa kwa mizani, kipo kitu kimoja kinachovunja mizani: nyusi ile ya pembetatu.

Hatua ya tatu ni kukijaribu kila kipengele. Hapa mwanaisimu ana chombo ambacho mhakiki wa sanaa anaweza kukiazima. Tunapotaka kujua kama sauti mbili ni fonimu mbalimbali, tunabadilisha moja na kuziacha nyingine zote. Pata na bata hutofautiana kwa sauti moja tu, na maana imegeuka. Basi sauti hiyo ina kazi. Na tuufanyie uso wa Klee vivyo hivyo. Tuiondoe pembetatu kwa fikira, tuweke upinde juu ya macho yote mawili. Mara moja uso unatulia. Unakuwa kama mwezi au kama kikaragosi cha mtoto. Tukiirudisha pembetatu, uso unaanza kushuku, kuuliza, pengine kudhihaki. Kwa hiyo pembetatu ina kazi. Sasa tubadilishe kipande kimoja cha manjano shavuni kiwe cha rangi ya machungwa. Badiliko lipo, lakini mwelekeo wa uso haugeuki. Kumbe si kila kitu katika picha kina uzito sawa, na mfasiri mwangalifu hutafuta kwanza vile ambavyo vikibadilika, picha yote hubadilika.

Hatua ya nne ni jina. Klee aliongeza jina la Kijerumani, Baldgreis, yaani mtu ambaye karibuni atakuwa mzee. Senecio lenyewe ni jina la mimea, lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzee, kwa sababu mbegu za mimea hiyo huwa na manyoya meupe kama mvi. Msomaji wa Afrika ya Mashariki anaijua jamaa ya mimea hiyo bila ya kujua jina lake: ile miti ya ajabu inayoota juu sana katika Mlima Kenya na Kilimanjaro iliitwa Senecio na wataalamu wa mimea kwa miaka mingi, kabla ya kuhamishiwa jenasi ya Dendrosenecio. Basi jina linatuambia tuutafute uzee katika uso ambao, kwa duara lake na rangi zake, unafanana na wa mtoto. Fasiri inajitokeza: picha hii haimwonyeshi mzee wala mtoto. Inaonyesha utoto na uzee vikikaa pamoja katika kichwa kimoja. Tumerudi kwenye maneno ya u-, yale ambayo picha ya kamera huwa na taabu kuyakamata.

Hatua ya tano ni tahadhari. Mtazamaji wa Kiswahili akiona mboni nyekundu atakumbuka kwamba macho mekundu kwetu ni dalili ya hasira, kilio, kukesha au ulevi. Je, anaruhusiwa kuisoma picha ya Klee hivyo? Tunajibu kwamba anaruhusiwa kuanza hapo, lakini hana budi kuuliza kama sehemu nyingine za picha zinamuunga mkono. Mdomo ule mdogo uliofungwa hauonyeshi kilio wala ghadhabu. Maana ya "hasira" basi inakosa mashahidi, na inafaa iachwe. Husemwa mara nyingi kwamba katika sanaa ya kisasa kila mtu huona apendavyo. Kauli hiyo ni ya uvivu. Fasiri zaweza kuwa nyingi, lakini hazilingani. Iliyo bora ni ile inayoeleza mambo mengi zaidi yaliyomo katika picha, na kulazimisha machache zaidi yasiyokuwamo.

4. Je, sanaa hii ni ngeni?

Mwaka 1907 Pablo Picasso alizuru jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris, akaona vinyago kutoka Afrika na sehemu nyingine za dunia. Ziara hiyo hutajwa kila inapoelezwa picha yake Les Demoiselles d'Avignon, ambayo baadhi ya nyuso zake zina mikato mikali kama ya vinyago. Wako wenzetu wanaohitimisha kutokana na hayo kwamba sanaa ya kisasa yote ni mali yetu iliyoibiwa. Hitimisho hilo linatia fahari, lakini linasahau jambo. Wachoraji wa Paris walikiona kinyago kikiwa ndani ya kabati, bila ya ngoma, bila ya mchezaji na bila ya sababu. Walichukua fani, na maudhui yakabaki yalikotoka.

Huko yalikotoka, tazama mapiko ya Wamakonde. Kinyago hicho huvikwa kichwani, na huchezwa katika sherehe za jando na unyago. Anayekivaa si fulani tena, hata kama kila mtu kijijini anaweza kuikisia miguu yake. Uso umefunikwa ili kitu kingine kipate kuonekana. Na tangu miaka ya 1950, Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam, anatajwa kuwa ndiye mwanzilishi wa mtindo wa shetani, ambamo jicho laweza kuwa moja, mdomo ukahamia ubavuni na sikio likawa kubwa kuliko kichwa. Sanaa hii haikusubiri ruhusa ya Basel wala Paris. Ilikuwa na sababu zake, nazo ni sababu za watu walioamini kwamba visivyoonekana navyo vina nyuso.

Basi jibu letu ni la kati na kati. Udhahania wa uso si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Kilicho kigeni ni ile desturi ya kuutundika uso huo ukutani, peke yake, na kumtaka mtazamaji anyamaze mbele yake.

5. Nyuso za Kibera

Anayepita katika vichochoro vya Lindi, au katika mitaa ya Kawangware upande wa pili wa Barabara ya Ngong, hukutana na nyuso za namna mbalimbali. Kwenye kibanda cha kinyozi upo uso uliochorwa kwa rangi ya mafuta, nywele zimekatwa vizuri, ili mteja ajichagulie mtindo. Mfukoni mwa mpita njia iko picha ndogo ya kitambulisho. Uso wa kinyozi unauza. Uso wa kitambulisho unathibitisha. Nyuso hizi mbili huhitaji mfanano, nazo zisipofanana na kitu zimeshindwa kazi yake.

Uso wa kitambulisho una historia nzito. Tangu mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kuchukua kipande, kilichokuwa na alama za vidole na habari za kazi, kikatiwa katika kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Katika Kibera yenyewe, mahali palipopewa jina na askari Wanubi waliopakuta kukiwa msitu, wazao wa askari hao walihangaika miaka mingi kupata hati za uraia. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba haki za watoto wa Kinubi zilikuwa zimevunjwa na dola.

Kisha zikaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Soko la Toi liliteketezwa, na sehemu ya reli ipitayo mtaani iling'olewa. Katika siku hizo mtu aliweza kusimamishwa njiani, akatazamwa usoni, akaulizwa jina, akasikilizwa lafudhi, akadaiwa kitambulisho. Uso ulisomwa kwa swali moja tu: "Huyu ni wa kabila gani?" Hiyo nayo ilikuwa fasiri. Iliondoa kila kitu cha mtu, ujirani wake, kazi yake, watoto wake, ikabakiza kitu kimoja, na kwa kitu hicho ikahukumu. Lazima tukiri kwamba udhahania si jambo jema kwa yenyewe. Kila anayeondoa na kubakiza anapaswa kuulizwa amebakiza nini, awe mchoraji au mwenye rungu.

Wasanii wa Kibera walijibu kwa njia zao. Kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waandishi wa mabango ya maduka. Jina lilitokana na desturi yao ya kuvaa mavazi ya Kimaasai walipokwenda kutafuta kazi, ilhali wao si Wamaasai. Katika jina hilo pana mzaha mzito: kabila linaweza kuvaliwa na kuvuliwa kama shuka. Wakati wa ghasia, mwenzao Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo7, aliandika maneno ya kutaka amani katika kuta na vibanda vya mtaa huo.

Mwaka 2009 msanii Mfaransa ajiitaye JR alileta kazi ya namna nyingine. Alipiga picha za wanawake wa Kibera, akazikuza mno, akazitandaza juu ya mapaa ya mabati, jumla ya mita za mraba zipatazo 2,000. Zilichapwa juu ya vinili isiyopitisha maji, hivi kwamba mvua iliponyesha zilisaidia kuzuia kuvuja. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya garimoshi, na sehemu za chini za nyuso hizo zikawekwa kwenye mabati ya mteremko ulio kando ya reli. Garimoshi lilipopita, kwa nukta chache macho yalikutana na midomo yake, nyuso zikakamilika, kisha zikaachana.

Hizo zilikuwa picha za kamera, wala si michoro dhahania. Lakini zinatufundisha jambo juu ya udhahania. Aliyesimama karibu na paa aliona madoa meusi na meupe tu. Aliyekuwa chini kichochoroni hakuona kitu. Uso ulionekana kwa aliyekuwa mbali na juu. Kwa hiyo mfanano wenyewe hutegemea mahali pa kusimama, na katika mji wetu mahali pa kusimama hugawanywa kwa fedha. Ni halali kuuliza nyuso hizo zilitazamwa zaidi na nani. Ni halali pia kukumbuka kwamba mwenye nyumba alipata paa lisilovuja, faida ambayo picha nyingi za makumbusho hazijawahi kumpa mtu.

6. Hitimisho

Tumesema kwamba picha dhahania ya uso hufasiriwa kwa kueleza kwanza kinachoonekana, kuuliza kilichoondolewa, kujaribu vipengele kwa kuvibadilisha kimoja kimoja, kulipima jina, na kuzikataa fasiri zisizo na mashahidi ndani ya picha. Tumesema pia kwamba vifaa vya kazi hii vimo katika Kiswahili: dhahania, bapa, mkato, mizani, umbo, sura na taswira ni maneno yanayotosha kuanzia, wala mwalimu hana haja ya kungojea istilahi za kigeni.

Kwa mwalimu wa Lindi au wa Kawangware tunapendekeza zoezi moja. Kila mwanafunzi amchore jirani yake kwa maumbo matatu tu na rangi mbili, bila ya kuandika jina. Kisha michoro ikusanywe, ichanganywe, na darasa lieleze kila mmoja: umebakizwa upole, uchovu, ucheshi au ukali? Watoto watabishana, na mwalimu awaache wabishane, mradi kila mmoja aonyeshe kwa kidole kitu kilichomo katika mchoro kinachomshuhudia. Watagundua kwamba wanaweza kusema mengi juu ya uso ulio mbele yao. Watagundua vilevile kwamba swali la kabila, ambalo wakubwa wao waliwahi kuliuliza kwanza, halina mahali pa kushika katika duara na pembetatu. Darasa litakalozoea kuusoma uso bila ya swali hilo litakuwa limejifunza zaidi ya uchoraji.